Nyumba Yenye Magurudumu Kwenye Mlima Lusenge

Mwaka wa hamsini na nne, Kindu nzima haikuwa na habari nyingine ila nyumba ya Bwana Lambrecht. Nasema nyumba, wala sijakosea. Ilikuwa na kitanda cha watu wawili, jiko la makaa lenye dohani, kabati la vyombo, madirisha manne yenye mapazia ya maua, na mlango wa nyuma wenye ngazi. Lakini chini yake palikuwa na magurudumu sita, na mbele yake pua ya lori. Bwana Lambrecht alikuwa amechukua lori la kubebea magogo, akawakabidhi maseremala kwa miezi mitano, kisha akawatangazia Wazungu wenzake kwamba likizo ya mwaka huo hapandi meli kwenda Ulaya. Atakwenda na nyumba yake mpaka kwenye ziwa Kivu, akapumue hewa baridi akiwa kitandani mwake mwenyewe.

Kwa nini mtu ahame na kitanda wakati huko anakokwenda vitanda vimejaa, watu wa Kindu hawakuelewa, na mimi sijaelewa mpaka leo. Hata hivyo kila Jumapili baada ya misa walikwenda kuitazama, na waliporudi nyumbani walidanganyana kuhusu ukubwa wake.

Wa kuiendesha alikuwa Félicien Kalala. Baba yake alitoka Kasai kuja kufanya kazi ya reli, yeye akazaliwa Kindu, karibu kabisa na stesheni. Sasa alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimaliza kwenye usukani. Mnyenyekevu hakuwa, tuseme ukweli. Ukimuuliza kama anajua kuendesha, yeye alikuuliza kama wewe unajua kutembea. Ila majivuno yake yalikuwa na msingi: katika miaka yote hiyo hakuwahi kugusa hata mguu wa kuku.

Kitu kimoja tu kilimnyima raha, nacho hakikuwa mlima. Ilikuwa ile karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne mfukoni mwake, permi yake ya kuendesha. Siku zile mtu mweusi alihangaika miaka kuipata, na aliweza kuipoteza kwa dakika moja. Rafiki yake Anaclet alipoteza yake hivyo hivyo. Mzungu mmoja alishika usukani wa lori la Anaclet ili ajifurahishe kidogo, akaliingiza mtoni. Karatasi ya ajali ilipoandikwa, aliyekuwa akiendesha akawa Anaclet. Nani angebisha? Permi ikachanwa mbele ya macho yake, na sasa Anaclet alikuwa anachimba mawe ya bati huko Pangi.

Wakaondoka Kindu siku ya Jumatatu, watu wanne. Bwana Lambrecht na Félicien walikaa mbele. Madame Lambrecht alikaa ndani ya nyumba yake, na kwenye kiti kidogo karibu na jiko alikaa Tshiela, mke wa Félicien, aliyechukuliwa kuwa mpishi. Binti yao Mbombo walimwacha kwa bibi yake. Mtu wa kusaidia njiani Bwana hakumtaka. Alisema atachafua mapazia. Wakavuka Lualaba kwa kivuko, na wapiga kasia wa mitumbwi wakasahau kupiga kasia kwa kuangalia nyumba inayopita juu ya maji na mvuke wa kahawa ukitoka dirishani.

Pangi walisimama kuongeza maji. Félicien akamwona Anaclet kando ya barabara, koleo begani, matope mpaka magotini. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Anaclet aliizunguka nyumba yote, akapiga teke gurudumu moja moja kama zamani, kisha akarudi dirishani.

"Félicien, usimupe muntu ile volani," akasema, akiuonyesha usukani kwa kidole.

"Gari iko ya Bwana mwenyewe."

"Njo yeye mwenyewe nasema."

Akarudi kwenye mawe yake. Félicien akaondoka na maneno hayo yamemkaa kichwani, na safari yote ya msituni hakupiga mluzi hata mara moja. Tshiela aliona, maana ndoa ya miaka kumi si mchezo.

Siku ya nne asubuhi wakafika chini ya Lusenge.

Mlima huo madereva waliuogopa kwa haki. Barabara ilichongwa ubavuni mwake kwa sululu na koleo, nyembamba, ya gari moja tu: ukuta wa udongo mwekundu upande mmoja, upande wa pili vilele vya miti unavyovitazama kwa juu. Kwa hiyo iliwekwa zamu. Asubuhi walipita wanaotoka Maniema, mchana wanaotoka Kivu, na kwenye kila kizuizi, cha chini na cha juu, alikaa mlinzi na ngoma yake ya gogo. Gari lilipoingia, mlinzi aliipiga ngoma ili mwenzake wa mbele, pamoja na vibarua wote wa barabara, wajue nani anakuja. Kila dereva wa njia ile alikuwa na pigo lake. Wazungu, wote kwa jumla, walipewa pigo moja, la haraka haraka. Vibarua wakisikia pigo la dereva wanayemjua, walisogea kidogo na majembe yao na kumsalimu. Wakisikia pigo la Mzungu waliruka wote ndani ya mtaro pamoja na toroli zao, kwa sababu Mzungu alifuata saa yake, hakufuata barabara.

Mlinzi wa chini aliitwa Onema, Mtetela mwenye kifua kipana.

"Weye uko na pigo gani?" akamuuliza Félicien.

"Sina. Mi shofere wa Kindu."

"Wa kule kwenye iko sawa kama meza?" Onema akacheka. "Haya, geuza kwanza ile nyumba yako, nione."

Félicien akaigeuza kwenye uwanja mdogo wa kizuizi kwa mara mbili tu, mbele na nyuma, ngazi ya mlango wa nyuma ikipita shubiri moja kutoka kwenye nguzo. Onema akaacha kucheka. Akachukua vijiti vyake na kupiga mapigo mazito, taratibu, yenye nafasi katikati. Lilikuwa pigo jipya, na mlima ukalipokea na kulipeleka juu.

Kupanda, Félicien alikuwa akisema, si kazi. Hata mjinga hupanda, kwa sababu gari lenyewe linamkataza kukimbia. Akatia gia ya kwanza na hakuigusa tena. Tshiela alishuka, akafunga kitenge vizuri na kutembea nyuma akiwa amebeba gogo la pembe tatu begani. Kila mara gari liliposimama ili injini ipumzike, alilisukumiza gogo nyuma ya gurudumu na kupaza sauti, "Imekamata!" Hapo ndipo mumewe alipoachia breki. Mara tano walisimama hivyo. Kwenye kona ya tatu nyumba ilikataa kuzunguka, na Félicien alikwenda mbele na nyuma mara nne, gurudumu la nyuma likimwaga kokoto bondeni, huku Tshiela akimwelekeza kwa mkono: bado, bado, basi! Madame aliwaangalia kutoka dirishani na kikombe chake mapajani. Vibarua walisogea pembeni na kumpungia Félicien mikono. Naye aliwapungia kama mtu aliyezaliwa pale.

Saa nne walifika juu. Baridi ya huko iliwang'ata masikio, na mbele yao nchi yote ya Kivu ilikuwa wazi, milima nyuma ya milima. Félicien alishuka akazunguka gari lake. Hakukuwa na mkwaruzo hata mmoja. Alijisikia mkubwa, na alikuwa na haki.

Hapo ndipo Bwana Lambrecht, aliyekuwa ameingia nyuma kujitengeneza, alipotoka ndani ya nyumba amevaa tai na amechana nywele kwa maji.

"Sasa mimi nitaendesha," akasema.

Sababu yake ilijulikana. Chini ya mlima, upande wa pili, kwenye misheni, shemeji yake alikuwa anawangoja. Shemeji huyo alikuwa ametangaza mezani, mbele ya wageni, kwamba nyumba ya Lambrecht itaishia kuwa banda la kuku. Bwana alitaka aonekane anaingia misheni mikono yake ikiwa kwenye usukani. Anaingiaje mtu kwa ushindi ameketi upande wa abiria?

Félicien akautazama mteremko. "Bwana, kushuka huku iko mubaya kuliko kupanda. Tushuke na vitesi ya kwanza, ile tulipandia. Freni peke yake haitaweza hii uzito."

"Mimi nimeendesha magari wewe ukiwa bado unatambaa. Nipe ufunguo."

Ufunguo akautoa. Ungefanya nini? Lakini miguu yake haikwenda upande wa abiria. Ilimpeleka moja kwa moja kwa mlinzi wa kizuizi cha juu, ambaye alikuwa ameshanyanyua vijiti apige pigo lile lile lililotoka chini.

"Ngoja," Félicien akamwambia. "Si mimi tena. Bwana njo anaendesha. Piga ile ya Wazungu."

Mlinzi akaangalia nyumba, akaangalia barabara inavyodidimia, akamwangalia Félicien. "Kweli?"

"Kweli kabisa. Na piga na nguvu."

Ngoma ikalia haraka haraka, ikajaza bonde. Bwana Lambrecht, ambaye Wazungu wenzake walikuwa wamemwambia kwamba ni pigo la heshima kwao, alitabasamu na kurekebisha tai yake. Tshiela akaingia ndani kwa Madame. Aliufunga mlango kwa kishindo, na Félicien akajua kwamba mkewe amekasirika na anaogopa.

Mwanzo ulikuwa mzuri, kama mianzo yote ya ujinga. Bwana alitia gia ya tatu, nyumba ikateremka kwa raha, mapazia yakipepea. Kila ilipokimbia kidogo alikanyaga breki, ikapungua, akaachia, ikakimbia, akakanyaga tena. Kona ya kwanza wakaipita. Ya pili wakaipita. Vibarua walikuwa wote mtaroni kama inavyotakiwa, vichwa tu vinaonekana. Kisha Félicien akasikia ile harufu. Kila dereva anaijua, harufu ya breki zinazoungua, inakaa nyuma ya ulimi.

"Bwana, freni inachoka. Simamisha sasa, ingali inakubali."

"Nyamaza."

Wakaipita kona moja nyingine. Alipokanyaga tena, Bwana Lambrecht alikanyaga mpaka kiatu kikagonga bati, na nyumba haikujali. Ilizidi kwenda. Bwana akakanyaga mara ya pili, ya tatu, kama mtu anayeua nge. Uso wake ukawa mweupe kuliko ulivyokuwa, jambo ambalo Félicien hakudhani linawezekana.

Nyuma, vyombo vilianza kuanguka. Tshiela alikuwa huko. Félicien alimwona kichwani mwake akiwa kati ya jiko na kabati, na hofu ikamkamata. Hofu hiyo ndiyo iliyomfungua mdomo. Miaka kumi na mmoja alikuwa akisema Bwana tafadhali, Bwana samahani. Sasa akapiga kelele:

"Weye! Kanyaga embrayage!"

Bwana akakanyaga klachi. Félicien akaushika mkono wa gia na kuutoa kwenye ya tatu.

"Achia! Sasa gaz! Kanyaga gaz!"

"Gaz? Tunakimbia tayari!"

"Kanyaga gaz nakuambia, mujinga weye!"

Hata leo kuna watu wasioamini kwamba ili gia ndogo ikubali kuingia, lazima uinyanyue injini kwanza, uipe mafuta hata kama roho iko mkononi. Bwana alikuwa mmoja wao, lakini aliogopa sauti ile kuliko alivyoogopa bonde. Akakanyaga. Injini ikanguruma. "Embrayage tena!" Félicien akausukuma mkono, meno ya chuma yakalia, yakakataa, yakakubali. Gia ya pili. Nyumba ilishtuka na kuguna, mwendo ukakatika nusu. Lakini nusu haikutosha, kwa maana kona iliyofuata ilikuwa inakuja, na zaidi ya kona ile kulikuwa na hewa tu.

Bonde lilikuwa upande wa Bwana. Ukuta wa mlima ulikuwa upande wa Félicien, kiganja kimoja kutoka kwenye bega lake. Hakufikiri sana. Akashika usukani kwa mikono miwili na kuuvuta kwake.

Mlima ukaingia mlangoni. Vioo vilipasuka, mbao zikachanika, dohani ikang'oka na kubaki juu ya kichaka. Nyumba ikajisugua ubavu wake wote kwenye udongo mwekundu, hatua arobaini nzima, ikasimama. Mbele ya kona palibaki nafasi ya kutosha mtu kulala, kama angekuwa mfupi.

Félicien alitoka kwa mlango wa Bwana, akimpanda Bwana mwenyewe bila kuomba radhi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unatoka damu, hakuuona. Alikimbia nyuma akapiga mlango. Ukafunguka, Tshiela akatoka na unga wa ngano kichwani mpaka kwenye kope, amemshika Madame Lambrecht kiunoni. Wote wawili walikuwa wazima. Madame alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

"Baba Mbombo," Tshiela akasema, "ni nani alikufundisha kuendesha hivi?" Kisha akaona damu, akakaa chini barabarani na kulia kwa sauti. Félicien akakaa pembeni yake, naye akalia, mbele ya vibarua wote, na hakuona haya.

Vibarua, waliokuwa mtaroni juu kidogo ya pale nyumba ilipogusa ukuta, walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeguswa. Kapita wao, msimamizi wa kazi, mtu mwangalifu aitwaye Jérôme, alikwenda kuchukua daftari lake la barabara, kwa kuwa kila gari lililoharibika Lusenge lilipaswa kuandikwa siku hiyo hiyo, na karatasi kupelekwa kwa wakubwa.

Wakati kapita yuko mbali, Bwana Lambrecht akamwita Félicien kando. Tai yake ilikuwa imehamia begani.

"Félicien, utasema ulikuwa wewe. Shemeji yangu yuko chini pale, unaelewa? Mimi nitaongea na wakubwa. Permi yako hawataigusa. Nakupa neno langu."

Félicien alimtazama. Alimwona Anaclet na matope yake ya magotini. Anaclet pia alipewa neno. Alijua kwamba akisema hapana, kazi ya Bwana inaweza kuisha hapo hapo. Lakini kazi ya Bwana ilikuwa moja, na permi ilikuwa kazi zote zilizobaki duniani.

"Hapana, Bwana."

"Unasemaje?"

"Nasema hapana. Sikuwa mimi."

Kapita Jérôme alikuwa amerudi, kalamu mkononi. Akauliza kama sheria ilivyotaka, macho yakiwa kwenye daftari: "Nani alikuwa anaendesha?"

Bwana Lambrecht akamkazia Félicien macho, na Félicien hakuyakwepa. Jérôme akainua macho kutoka kwenye daftari.

"Bwana unisamehe. Mi naandika ile ngoma ilisema. Mulima muzima ulisikia, na kule chini kwa misheni walisikia pia. Nikiandika jina ingine, wataniuliza mimi kwa nini watu wangu walikuwa ndani ya mutaro."

Kwa mara ya kwanza Bwana alielewa lile pigo la heshima lilikuwa linasema nini. Madame, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyumba yake iliyopinda, akamwambia neno moja tu la Kifaransa, jina lake la kwanza. Bwana akachukua kalamu. Akatia sahihi.

Wakangoja breki zipoe. Vibarua waliiondoa nyumba ukutani kwa nguzo na nyimbo, wakafunga mbao zilizolegea kwa kamba za msituni. Kisha Bwana Lambrecht, bila kuambiwa na mtu, akampa Félicien ufunguo, akapanda ngazi ya nyuma, akaenda kukaa kwenye kile kiti kidogo karibu na jiko.

Basi kiti cha mbele kikawa kitupu. Tshiela alijipangusa unga usoni, akapanda kwa mlango wa dereva kwa sababu wa kwake haukuwepo tena, akakaa. Miaka kumi alikuwa mke wa dereva, na siku hiyo ndiyo kwanza akajua barabara inavyoonekana kutoka pale.

Félicien akatia gia ya kwanza. Nyumba ikaanza kushuka, pole kiasi kwamba vibarua wawili walitembea pembeni yake wakiongea naye dirishani. Kona ile mbaya ikaja. Wakaingia, bonde likajaa kioo chote, wakatoka.

"Baba Mbombo," Tshiela akauliza taratibu, "uko unaogopa?"

Mume wake, aliyekuwa akiwauliza watu kama wanajua kutembea, aliangalia barabara mbele yake.

"Sana," akasema. "Njo maana tutafika."